Pikapu ya Mitungi Inagonga

Ko. Ko. Ko-ko-ko. Mlio ulitangulia kuingia gereji kabla pikapu haijakata kona. Kila fundi akaujua, na kila fundi akamgeukia Sikio.

"Mgonjwa wako huyo karudi," fundi rangi akasema. "Mara ya tatu wiki hii. Si umpe kitanda kabisa!"

"Wewe paka rangi yako," Sikio akajibu.

Jina alilopewa na mama yake lilishasahaulika pale. Aliitwa Sikio kwa sababu alikuwa akisimama hatua tatu kutoka kwenye gari linalonguruma, anafumba macho, kisha ananyoosha kidole. Wakifungua, ugonjwa wanaukuta palepale. Ndiyo maana gereji ile ilikuwa na desturi yake: mjomba wake, mwenye gereji, akipaza sauti "Kimya!", nyundo zinalazwa, redio inazimwa, na hakuna mkono unaogusa gari mpaka Sikio atamke.

Ambacho hakuna aliyekijua ni kwamba miezi minne nyuma, tairi la lori lilipasuka akilijaza upepo, na tangu siku hiyo sikio lake la kushoto likawa ukuta. Kwa sikio moja mlio unausikia vizuri tu; hujui unatoka wapi. Alikuwa akibahatisha. Bahati ilimbeba miezi yote minne, ikaja kumtua kwenye pikapu hii. Mara ya kwanza alinyooshea kidole krosi ya nyuma, kile kiungo cha mwisho wa shafti, wakabadilisha. Mara ya pili difu, lile sanduku la meno katikati ya magurudumu ya nyuma. Wakaifungua, meno yakakutwa mazima, yanang'aa kama vijiko vya wageni.

Dereva akashuka. Alikuwa mama wa makamo, msambazaji wa mitungi ya gesi, na wote walimwita Dada Mitungi.

"Mdogo wangu, leo nataka jibu moja tu, la kweli," alisema. "Kesho asubuhi nashuka bondeni na mitungi arobaini. Ule mteremko unaujua. Kitu kikikatika pale hamtaniokota, mtanifagia."

"Mgonjwa huyu haondoki hapa bila kupona, dada," Sikio akasema.

"Kimya!" mjomba akanguruma.

Gereji nzima ikanyamaza. Sikio akafumba macho. Pikapu ikazungushwa uwanjani mara moja, mara mbili. Ko-ko. Mlio ulitoka mbele, ukatoka nyuma, ukatoka kwenye ukuta, ukatoka ndani ya fuvu lake mwenyewe. Kidole chake kilikuwa kizito kama nondo. Alijua macho yote yako juu yake, na alijua kwamba akikosea leo jina litakufa, na kosa lisipogundulika, atakufa mtu.

"Ipelekeni shimoni," akasema. "Nataka niwe chini yake."

Wakaiweka juu ya shimo, magurudumu ya mbele yakatiwa vigingi, ya nyuma yakainuliwa juu ya stendi. Mjomba akakaa kwenye usukani. Sikio akashuka ngazi za saruji, akabaki kati ya kuta mbili zilizonuka oili chakavu, paa lake tumbo la gari.

"Tia gia, mjomba! Gusa breki kidogo, iwe kama imebeba mzigo!"

Shafti, lile bomba refu linalozungusha magurudumu ya nyuma, ikaanza kuzunguka juu ya kichwa chake. Ngurumo ya ekzosi ikamjaa sikio zima, na sasa hata lile moja halikuwa na faida. Akachukua bisibisi ndefu, ile ambayo aliwacheka wenzake kila walipoitumia kusikilizia. Akauma mpini kwa meno, ncha akaigusisha kwenye giaboksi. Mtetemo laini. Akasogea kwenye difu. Laini vilevile. Akarudi katikati, pale shafti mbili zinapoungana chini ya bodi, akagusa bano linaloshika beringi.

Pigo likampata kwenye meno kama ngumi.

"Zima!"

Magurudumu yaliposimama kabisa, akashika shafti kwa mikono miwili akaitikisa. Ikacheza kama jino bovu. Mpira wa beringi ulichanika wote. Shafti ilikuwa ikiruka na kulipiga bano, na boliti moja ya bano ilibakiza nyuzi tatu tu ichomoke. Mtu yeyote angeliona hili siku ya kwanza kwa kutikisa mara moja. Lakini nani angetikisa? Sikio akisikiliza, hakuna anayegusa.

Akageuka, akashtuka. Dada Mitungi alikuwa ameketi kwenye ngazi, mkono mmoja tu kutoka kwake, upande wa kushoto.

"Nimekuita mara nne," alisema polepole. "Baada ya gari kuzimwa. Mara ya mwisho nimekuitia hapo sikioni."

"Nilikuwa nimezama kwenye kazi."

"Hilo sikio halisikii."

Sikio akataka kupanda. Mama yule hakusogea, na ngazi zilikuwa hizo tu; upande wa pili ni ukuta.

"Dada, nipishe."

"Nikupishe uende wapi? Ukanyooshe kidole tena?"

"Ugonjwa nimeupata. Kesho utashuka bondeni salama."

"Na jana? Jana uliniambia salama hivyohivyo, nikashuka na mitungi thelathini nikiimba! Ningekufa ili wewe uitwe Sikio?"

Juu, mjomba alikuwa akicheka na mafundi. "Vipi mpwa wangu, umeukamata? Harakisha, basi la shule linakuja kesho, nimeshamwambia mwalimu mkuu utalisikiliza mwenyewe!"

Sikio akaegemea ukuta wenye mafuta. Akamtazama mama yule, magoti yake yameziba njia, mikono imekunjwa, kama mtu aliyekuja hata na chakula chake cha jioni.

"Watanicheka," alisema.

"Watakucheka. Mimi pia nitacheka kidogo."

Viatu vya mjomba vikaonekana ukingoni mwa shimo. Sikio akazungumza kwa sauti ya juu, ya kufika mpaka ukingoni.

"Dada, nakuahidi: kabla hujawasha gari hili nitakuwa nimemwambia mjomba kwamba sikio la kushoto limekufa, na lile basi la shule halitaondoka hapa mpaka watu wawili wamelitikisa kwa mikono."