Chembe Nne Zilizoshikana

Chelimo alikuwa ameinamia hadubini tangu asubuhi, ndipo alipoziona: chembe nne za mviringo, zimeshikana kama ndugu. Jiwe aliloliyeyusha kwa asidi katika maabara ya chuo, hapo Eldoret, lilichimbwa mbali chini ya ardhi ya Uarabuni, na umri wake ulizidi miaka milioni mia nne na hamsini. Kama chembe hizo zilikuwa spora, ambazo mimea huzaana kwazo, basi wakati huo kuna mmea uliokuwa umeshatoka majini ukaanza kuishi nchi kavu.

Profesa Mabonga, msimamizi wake, akatazama. "Nzuri. Lakini zinaweza kuwa za hapa hapa, zimeingia na vumbi. Kuna mimea mpaka leo inatoa spora nne-nne. Ni ile inayotambaa kwenye mawe yenye maji."

Jumamosi Chelimo alikwenda kwao Ainabkoi, akapiga magoti kwenye chemchemi. Mamake, Rael, alimkuta akikwangua jiwe, akitoa kitu cha kijani kisicho na shina wala ua.

"Hiyo hata mbuzi hawali. Unaitakia nini?"

"Labda ni jamaa ya mimea ya kwanza, Mama. Kabla yake hakukuwa na miti wala nyasi."

Rael akautua mtungi. "Sasa mvua ilikuwa inanyeshea nini?"

"Mawe."

Rael aligeuka akakitazama kilima cha malisho kilichokuwa nyuma yao.

Jumatatu Chelimo alilinganisha. Spora za chemchemi zilikuwa nyeupe na nono, sawasawa na zile alizoziona mwanzo kwenye hadubini. Lilikuwa vumbi kweli.

Hata hivyo alilirudia jiwe. Alikata sehemu ya nje akaitupa, akaosha vyombo vyote, akayeyusha kiini peke yake. Kando aliweka asidi isiyo na jiwe, ili vumbi likiingia alione.

Kwenye asidi tupu hakukuwa na kitu. Kwenye kiini zilikuwepo chembe nyingine, nne-nne, lakini hizi zilikuwa zimebanwa na uzito wa miamba zikawa bapa, rangi yake kama chai ya rangi.

Safari hii Profesa Mabonga alitazama kwa muda mrefu zaidi. "Hizi si za Ainabkoi," alisema.

Chelimo akampigia mamake.

"Kwa hivyo ni jamaa?" Rael aliuliza.

"Umbo linafanana. Ujamaa bado sijui."

"Na jiwe lililokuwa chini ya hilo, mmelifungua?"

"Bado, Mama."

Alipokata simu, alikwenda kulitafuta kabatini jiwe hilo la chini, la kale zaidi.