Kiti cha Janell

Jumamosi hiyo Wendell Orsak alikuwa jikoni, unga umempanda mpaka viwikoni, anakanda unga wa kolache, mikate midogo mitamu, kwa namna aliyofundishwa na marehemu mama mkwe wake. Mkewe Janell akaingia kutoka ofisini, akaweka funguo mezani na kusema wamemnyang'anya kiti.

Wote wawili walikuwa wanaanga, na Houston, mji wa wanaanga, nyumba kama zao zilikuwepo. Janell alikuwa amepangiwa kukaa miezi sita kwenye kituo cha angani. Madaktari wakapiga hesabu ya mionzi aliyokwisha kuipata huko juu, wakaona safari hii itamvusha mpaka unaoruhusiwa. Mpaka wa wanawake, yaani, maana wanaume walikuwa na wao, wa juu zaidi. Eti mwili wa mwanamke hushikwa na saratani upesi. Wendell, aliyekaa angani karibu mara mbili ya mkewe, bado alikuwa salama salimini kwenye makaratasi.

"Na unajua kiti wamempa nani?" Janell aliuliza. "Wamekupa wewe."

Wendell alisema atakikataa.

"Thubutu. Watampa mwanamume mwingine, na mimi nitabaki na mume aliyenuna. Sitaki huruma yako, bwana. Nataka kiti changu."

Akachukua kolache moja ya moto, akaitafuna, akasema mama yake angeona mkate huu angemrudisha Wendell kwao. Wakacheka. Hivyo ndivyo walivyogombana tangu waoane.

Lakini Wendell alikuwa na jambo rohoni. Alifurahi. Ndiyo, aliposikia mkewe haendi, kifua kilimshuka kama mtu aliyetuliwa gunia. Mama yake Janell, Bi Albina, alikufa kwa saratani ya matiti, na mdogo wake Bi Albina vilevile. Miaka yote Wendell aliyafikiria hayo kila mkewe alipopanda roketi, na hakusema kitu, kwa sababu kwa watu wa kazi ile kumwambia mwenzako usiruke ni kumtukana. Sasa sheria ilikuwa imemsemea.

Bahati mbaya yake, sheria yenyewe ilikuwa inajadiliwa. Kulikuwa na pendekezo la mpaka mmoja kwa wote, juu kidogo ya ule wa wanawake na chini sana ya ule wa wanaume. Kila mmoja aelezwe hatari yake bila kufichwa, kisha aamue mwenyewe kwenda au kubaki. Na wanaanga walikuwa na desturi yao: madaktari wakitaka neno lao, huzungumza aliyekaa angani kuliko wote, na wengine wananyamaza. Wakati ule aliyekaa kuliko wote alikuwa Wendell.

Daktari wao, Priscilla Treviño, akamwita. Wendell aliingia kwa shingo upande, kwani hakuna mwanaanga anayependa ofisi ya daktari. Unaweza kuingia rubani ukatoka mtu wa kukaa nyumbani. Priscilla hakuzunguka. Alimwambia kwamba mpaka mmoja ukipita, Janell ataingia ndani yake, ila yeye Wendell alikwisha kuuvuka zamani. Hataruka tena maishani.

"Nakwambia kama rafiki," alisema, "usije ukasema hukujua."

Wendell alirudi nyumbani akamkuta mkewe anaosha vyombo. Alichukua kitambaa akawa anafuta sahani moja muda mrefu. La yeye kutoruka tena hakulisema. Alisema lile lingine.

"Walipokusimamisha, nilifurahi."

Janell alifunga bomba. "Nilijua. Wiki nzima unaimba bafuni."

"Naogopa, Janell. Mama yako, mama yako mdogo..."

"Mama hakuwahi kupanda hata ndege. Saratani ilimkuta jikoni kwake, Hallettsville, anasukuma unga. Mimi ndiye niliyemwogesha, kwa hiyo usinifundishe saratani ni nini. Naijua, nimeipima, na bado nataka kwenda." Akamtazama. "Wewe ulipokwenda, kuna mtu aliyeniuliza kama naogopa?"

Hakuna. Hata yeye Wendell hakuwahi kumuuliza, na aibu ilimpata pale pale na kitambaa mkononi. Alitaka kumkumbatia, lakini alijua angekuwa anajifariji mwenyewe.

Siku ya kikao cha kuamua sheria ile chumba kilijaa. Mwenyekiti alipomuuliza wanaanga wanasemaje, Wendell alisimama.

"Mimi nimekula mionzi kuliko wote humu ndani," alisema, "na hakuna aliyewahi kunizuia kwa kunihurumia. Wawekeeni wote mpaka mmoja. Waambieni ukweli wote. Halafu waacheni waamue."

Mwenyekiti akamuuliza kama anaelewa maana yake kwake mwenyewe. Wendell akajibu kwamba anaelewa, akakaa. Priscilla aliinamisha kichwa asionekane macho.

Mpaka mmoja ukapita. Janell akarudishiwa kiti, na siku hiyo hiyo akasikia kwa wenzake kilichompata mumewe. Alifika nyumbani mbio, akamchapa Wendell kwa taulo la jikoni, mara mbili, kisha akamlalia begani akilia.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenikataza."

"Kwa hiyo umeniamulia. Kama wao tu."

Wendell aliona ni kweli. Akaomba radhi, na hakuongeza neno la kujitetea.

"Kiti kilikuwa chako, ulikuwa na haki ya kukitoa," Janell alisema huku akipangusa pua kwenye shati lake. "Ila siku nyingine niambie mapema, mpumbavu wewe, nilie na wewe."

Wanaokwenda angani hutengwa kwanza wasipate mafua, na jamaa zao huwaaga kutoka ng'ambo ya barabara, bila kugusana. Wendell alizoea kuwa upande wa wanaokwenda. Safari hii alisimama na wake, waume na watoto wa watu, asijue mikono aiweke wapi. Ng'ambo, Janell alikuwa amevaa ovaroli ya bluu na nywele amezibana nyuma. Wendell alimwona mzuri kuliko siku ya arusi yao.

"Janell!" aliita. "Mara zote ulizosimama huku, ulikuwa unaogopa?"

"Kila mara!"

"Mbona ulikuwa unacheka?"

"Nilitaka uondoke na sura hiyo machoni!" Janell alipaza sauti, na sauti ikamtetemeka katikati. "Haya, na mimi nipe yangu!"

Machozi yalikuwa yanamtiririka Wendell mpaka kidevuni, na watu wanamtazama. Akainua uso, akamchekea mkewe kwa meno yote.