Nafasi ya Jina Kubwa

Badur aliishusha glasi yake mezani ikiwa imejaa. Pikria aliliona hilo kabla ya kuona kitu kingine, kwa sababu watu wasiozoea kusema hutazama mikono. Mwigizaji huyo, ambaye uso wake ulikuwa kwenye runinga ya kila nyumba ya Georgia, alikuwa amesimama mezani kwa kina Irma huko Kutaisi na kuinua divai kwa ajili ya filamu yao. Alisema yeye ni wao, damu na mifupa. Wote wakamaliza glasi zao mpaka tone la mwisho. Yeye akagusisha mdomo tu, akaketi, akaomba apitishiwe mkate wa jibini.

Katika nchi ile mtu asiyemaliza glasi aliyoiinua mwenyewe hajaahidi kitu. Lakini Pikria aliupitisha mkate. Irma, mwongozaji wa filamu, alikuwa amemkumbatia mama yake huku akilia kwa furaha.

Sababu ya furaha ilikuwa hii. Mfuko wa filamu ulikuwa tayari kutoa fedha, kwa sharti moja: kwenye fomu kuwe na mwigizaji anayejulikana, na barua yenye sahihi yake. Mhusika mkuu angechezwa na Pikria, muuza jibini ambaye Irma alimkuta sokoni, na hakuna mtu ambaye angenunua tikiti kwa jina la Pikria. Badur angekuwa baba yake katika hadithi. Jina lake lingefungua mlango, na wengine wote wangepita nyuma yake.

Barua haikuja. Wiki tatu Irma alipiga simu, na wiki tatu akaambiwa mzee yuko mazoezini. Ilipobaki siku moja fomu ipelekwe, walipanda treni ya alfajiri kwenda Tbilisi, wakamkuta Badur mchana kwenye chumba chake nyuma ya jukwaa, akijifuta rangi usoni.

Aliwapokea vizuri, hilo hakuna anayelikataa. Aliagiza kahawa, akauliza hali ya mama. Kisha akasema atasaini sasa hivi, ila sehemu ya yule binti aicheze mpwa wake, aliyemaliza chuo cha maigizo mwaka jana. Pikria angepewa kitu kidogo, jirani au mtu wa sokoni.

Irma akasema Pikria amefanya mazoezi mwaka mzima. Badur akachukua kurasa za hadithi ya filamu kutoka mkobani mwa Irma na kumpa Pikria.

"Haya, binti. Tusomee hapo juu."

Pikria aliacha shule darasa la nne, mama yake alipougua akalala kitandani na mbuzi wakakosa mtu wa kuwachunga. Alisoma neno la kwanza, akakwama kwenye la pili. Badur alisubiri kwa upole wa kutisha.

"Irma, mpenzi wangu," alisema, "huyu utambebesha filamu nzima? Hata ukurasa haumudu."

Irma aliitoa fomu mkobani. Alikuwa ameshatoa kalamu, anaitazama fomu, na hakumtazama Pikria. Hapo ndipo masikio ya Pikria yalipopata moto. Aliziweka kurasa juu ya meza ya vipodozi.

"Mzee Badur, huyo baba utakayemcheza anaitwa nani?"

Badur akatabasamu. Akasema majina huja baadaye.

"Anaitwa Tariel. Ana mguu mbovu. Nikirudi nyumbani ananiambia, 'Umechelewa, maziwa yameganda bila wewe.' Mimi sijibu, nafua. Nazijua sentensi zote, zangu na zako, nimesomewa mpaka zimeingia." Aligusa zile kurasa kwa kidole. "Mimi siwezi kusoma. Wewe unaweza, na hukusoma. Hata glasi yako pale mezani hukuimaliza."

Badur akawa mwekundu, na safari hii haikuwa rangi ya jukwaani. Alimrudishia Irma kurasa zake.

"Bila mimi mtarekodi na mbuzi."

"Mbuzi wanafika kazini kwa wakati," alisema Pikria, akatoka.

Irma alimfikia ngazini. Alimwambia ameivunja filamu, miaka sita ya kazi, kwa dakika mbili za mdomo; na yeye aliyekuwa hasemi, leo ndiyo kachagua siku. Alimwaga maneno mpaka yakaisha, akaketi kwenye ngazi, fomu magotini.

"Hapa wanataka jina. Niandike nani?"

Pikria aliichukua kalamu. Katika nafasi ya jina kubwa aliandika lake, herufi moja moja, kila moja imesimama peke yake kama kigingi.

"Hawatatupa hata senti," alisema Irma.

"Wasitupe."

Irma aliipokea ile karatasi. Halafu akaikunja vizuri na kuitia mkobani. Akasema kamera ataazima kwa mpiga picha za harusi. Watu watakula kwa mama. Wataanza zabibu zikiiva, fedha ije isije.

"Lakini usinifuate kwa huruma, Pikria. Ungemwachia yule mpwa sehemu hii, ningekuelewa. Siku zote nimedhani unafanya kwa ajili yangu tu."

Pikria aliketi ngazini kando yake.

"Naitaka," alisema. "Dada Irma, naitaka mimi. Tangu siku ile ya sokoni sijawahi kutaka kitu kingine."