Kibakuli cha Bizari

Fajita za nyama ya kusaga, nyama na hoho ndani ya chapati nyembamba za tortila, huchukua dakika ishirini na mbili. Mpishi alikuwa amezipima jioni nne mfululizo kwa saa ya ukutani, na hakuna jioni iliyozidi ishirini na tatu. Ndiyo maana alizichagua kwa jaribio la kesho. Nyama ya vipande inataka kulazwa kwenye ndimu kwanza. Ya kusaga haimsubirishi mtu.

Jaribio lilikuwa kwenye kantini ya hospitali, alikokuwa mpishi mkuu kwa miaka kumi na mmoja. Miezi saba iliyopita homa iliingia nyumbani kwake, na ilipotoka iliondoka na pua yake. Ulimi ulibaki. Chumvi aliijua, ndimu aliijua, na pilipili ilimtoa machozi kama zamani. Lakini kitunguu kilichoiva na kitunguu kilichoungua, akifumba macho, kwake vilikuwa kitu kimoja. Meneja alimpa likizo, kisha akampa tarehe. Akipita, anarudi kazini. Asipopita, nafasi inakwenda kwa msaidizi wake.

Hakuwa na wasiwasi mkubwa. Mapishi yake alikuwa ameyajaribu yote upya, moja baada ya jingine, na kila moja lilipitishwa na pua ya kuazima.

"Pua!" aliita. "Njoo kazini!"

Mumewe aliingia akifuta miwani kwa ncha ya shati. Alikuwa fundi wa miwani. Kutwa nzima aliwaketisha watu mbele ya ubao wa herufi na kuwaambia ukweli kuhusu macho yao. Naye aliugua homa ile ile, ila alisema harufu zilimrudia siku ya tisa. Tangu hapo akawa Pua, na hakuna sufuria iliyoshuka motoni kabla hajaiinamia, akavuta pumzi na kutoa hukumu.

"Wenzangu wana vyeo vya ukurugenzi," alisema. "Mimi nimepewa Pua."

"Na mshahara wako ni kuosha vyombo," alijibu dada yake kutoka mlangoni. Alikuwa fundi cherehani, na futi ya kupimia ilikuwa bado inaning'inia shingoni. "Wifi yangu, nimekuja kula, sikuja kusaidia. Tuelewane mapema."

"Kaa hapo usiguse kitu," Mpishi alisema, akicheka.

Kila kitu kilikuwa kimepimwa: nusu kilo ya nyama, hoho tatu na vitunguu viwili vilivyokatwa vipande vyembamba virefu, punje nne za kitunguu saumu, ndimu moja. Pembeni vibakuli vitatu vya viungo: pilipili ya unga, paprika, na vijiko viwili vya bizari nyembamba. Aliwasha moto mkali, akakaanga hoho na vitunguu hadi kingo zikaanza kuungua, akavitoa. Nyama ikaingia. Alikuwa amemimina vibakuli viwili simu ilipolia.

Alikuwa meneja. Jaribio lingeanza saa nne na nusu, si saa tano. Mpishi alibana simu kwa bega, akasukuma pakiti ya tortila kupisha mwiko, akasema ndiyo, hakuna shida. Alipokata simu alirudisha hoho kwenye kikaango, akakamua ndimu, akampisha mumewe.

Mumewe aliinama. Aliangalia, akavuta pumzi ndefu.

"Imekaa. Saumu imeiva, haikuungua. Na bizari..." Alipiga vidole. "Bizari ndiyo inaongea leo. Kesho wakilamba sahani usishangae."

Dakika ya kumi na tisa. Mpishi alinyanyua pakiti ya tortila ili azipashe moto. Nyuma ya pakiti kulikuwa na kibakuli. Vijiko viwili vya bizari vilikuwa ndani yake, havijapungua hata punje.

Alihesabu vibakuli. Viwili vitupu, kimoja kimejaa. Alihesabu tena. Kipimo cha mara moja si kipimo, na mtu hahukumiwi kwa kosa moja. Alichota nyama kwa kijiko, akampa mumewe.

"Onja. Bizari haijazidi?"

Alitafuna taratibu, kama mtu anayelipwa kwa kutafuna. "Kidogo, labda. Kesho punguza kidogo tu."

Mpishi aliweka kibakuli mezani mbele yake.

Wifi alinyoosha shingo. Alichota kijiko chake mwenyewe. "Wifi, humu hamna bizari."

"Najua."

"Sasa kwa nini unamuuliza huyu? Si naye hasikii kitu?" Alimgeukia kaka yake. "Siku ile nilipounguza kitambaa cha bibi harusi si ulikuwa umekaa na pasi mguuni, hata hukuinua kichwa? Ukaniambia pua haikurudi, na wifi anajua, mnachekana tu."

Mumewe alivua miwani. Bila miwani uso wake ulionekana wa mtu mwingine.

"Tangu lini?" Mpishi aliuliza.

"Haikurudi kabisa."

"Siku ya tisa."

"Siku ya tisa ulikuwa umekaa hapo chini, unalia. Uliniuliza kama nasikia harufu ya kahawa. Ningesema nini?"

"Ungesema hapana."

"Nilisema ndiyo mara moja tu, Mpishi. Kesho yake ukaniita jikoni. Hujawahi kuniita jikoni."

Mpishi alikuwa akirudi nyuma kichwani, mwezi kwa mwezi. Maziwa yaliyomwagwa: mumewe alikuwa akisoma tarehe kwenye pakiti. Vitunguu: alikuwa akiangalia rangi ya kingo. Wali ulioungua hadi moshi ukajaa chumba, naye akasema alipitiwa na usingizi.

"Ulikuwa unanusa kwa macho," alisema.

"Sijakosea sana."

"Na gesi?"

Mumewe alirudisha miwani usoni.

"Kila siku kabla ya kulala nakuuliza: gesi vipi? Unakwenda, unainama, unarudi unaniambia iko salama. Watoto wanalala chumba hicho hapo. Ulikuwa unafanya nini ukiinama?"

"Nilikuwa naangalia kama imefungwa."

"Kuangalia naweza mwenyewe. Nina macho."

Wifi alivua futi shingoni, akaanza kuikunja. "Kaka," alisema kwa sauti ndogo, "hili si la kuchekana."

Mpishi alizima jiko. Alichukua simu.

"Usimpigie," mumewe alisema. "Umepima kila kitu. Kesho utapita tu, nani atajua?"

"Hivyo ndivyo ulivyokuwa unajiambia."

Meneja alipokea haraka. Mpishi alieleza kwa sentensi tatu: kwamba hasikii harufu bado, kwamba mtu aliyemhakikishia mapishi yake naye hasikii, na kwamba hajui ni lipi kati ya mapishi hayo lililo sawa. Meneja akamshukuru kwa kusema kabla. Walaji mia mbili, mbali na wagonjwa, alisema, ni wengi mno kwa kubahatisha. Kesho angemwita msaidizi.

Akapasha tortila, akajaza, akawapelekea watoto sebuleni. Walikula na kuomba nyingine. Saa ilionyesha dakika ya thelathini na saba.

Mumewe hakugusa sahani yake. "Nifanye nini sasa?"

"Osha vyombo, baba watoto," alisema. Jina lile jingine hakulitumia. Bizari aliirudisha kwenye kopo lake, akagonga kitako cha kibakuli hadi chembe ya mwisho.

"Wifi, kabla hujaondoka," alisema, "niangalizie gesi."

Wifi alipiga magoti mbele ya mtungi, akasogeza pua kwenye mpira, akavuta pumzi, akavuta tena. Mumewe alisimama kwenye sinki mikono ikitiririka maji, akisubiri jibu kama wao.