Waya wa Bibi Olha

Kadi za ukaazi wa kudumu zilipofika, Marivic alizibusu, kisha akazificha nyuma ya gunia la mchele. Mwingine angetoka nje akapiga vigelegele mtaa mzima usikie. Yeye aliona haya hata kumpungia mkono jirani yake, Bibi Olha, kwa sababu kadi zile zilipatikana kwa ahadi, na ahadi yenyewe yeye na mumewe Crisanto walikuwa mbioni kuivunja.

Jimbo la Manitoba halikuwateua kwa uzuri wa sura. Dunvale ni mji mdogo unaofifia. Vijana wamehama, na nyumba ya wazee ilikosa watu wa kuwaogesha waliomo. Jimbo likikuteua kwa ajili ya mji kama huo, serikali kuu inakupa ukaazi. Mji nao unataka kusikia kwako neno moja tu, kwamba utakaa. Lakini kamati ya Dunvale ilikuwa imeshaumwa na nyoka, na sasa ilishtushwa na ung'ongo: wageni waliotangulia walipata kadi zao wakatimkia miji mikubwa. Siku ya kikao cha kuwajadili wao, mwenyekiti akawa anasitasita. Ndipo Bibi Olha, mjane mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, akasimama na mkongojo wake.

“Hawa ni wangu,” alisema. “Wasipokaa, njooni mnidai mimi.”

Marivic naye akainuka. “Tutakaa, Bibi,” akasema, mbele ya watu wote, na macho makavu kabisa. Wiki ileile binamu wa Crisanto alikuwa ameshaanza kuwatafutia nyumba Toronto.

Huyo Bibi ndiye aliyewafundisha kuishi na baridi. Aliwafundisha kushika koleo la theluji bila kuvunja mgongo na, kubwa kuliko yote, kulichomeka gari. Baridi ya kule huigandisha oili mpaka injini inagoma, kwa hiyo usiku gari hulazwa na waya wa umeme puani, injini ipashwe moto hadi asubuhi. Aliwaletea pirohi, sambusa za kuchemsha zilizojaa viazi. Marivic alimpelekea pansiti, na Bibi akazila akilalamika kwamba tambi za Kifilipino hazina adabu, ukivuta moja zinakuja zote.

Crisanto hakuona kosa. Sheria inamruhusu mwenye kadi kuishi popote nchini, na hilo alilisema kila siku kama mtu anayemeza dawa.

“Hatumwibii mtu, mke wangu.”

“Basi nenda kamuage.”

“Kamuage wewe. Si wewe uliyesimama ukasema tutakaa?”

Kazini, kwenye nyumba ya wazee, Marivic alikuwa ameshaaga kwa msimamizi wake na kumsihi afunge mdomo. Wakakubaliana kuondoka Jumapili alfajiri, kabla mji haujaamka kwenda kanisani. Fadhila ya punda ni mateke, Marivic alijiambia, na akajiona punda kweli.

Jumamosi jioni baridi ilikaza mpaka kuta zikawa zinalia. Marivic alipochukua waya akachomeke gari, Crisanto akamzuia. Jumapili hawana kazi, alisema, na dirisha la Bibi linatazama uani kwao. Akiona gari limechomekwa atauliza safari ya wapi. Litawaka tu. Aibu humtoa mtu akili, maana hata mtoto wa Dunvale angemwambia kwamba haliwaki.

Alfajiri walibeba mabegi kwa kunyata, kama wezi katika nyumba yao wenyewe. Crisanto akazungusha ufunguo, na injini ikaitika mara moja. Akacheka. “Nilikwambia nini?”

Marivic hakucheka. Alikuwa ameona waya wa rangi ya chungwa umetoka puani mwa gari lao, ukapita juu ya theluji na uzio, ukaingia banda la Bibi Olha. Kandokando yake kulikuwa na nyayo, na vitundu vya mkongojo. Kioo cha mbele kilikuwa kimekwanguliwa barafu.

Akashuka. Crisanto alimnong'oneza autupe tu uzioni waondoke, naye akajifanya hasikii. Aliuchomoa, akaukunja kati ya kiganja na kiwiko kama alivyofundishwa, akaenda nao hadi mlangoni kwa Bibi. Hapo mkono ukagoma kubisha. Uso ulimwaka moto katika baridi ile yote.

Mlango ukafunguka wenyewe. Bibi Olha alikuwa amevaa koti la marehemu mumewe, na pua bado nyekundu.

“Bibi, mimi nilisema uongo,” Marivic akasema.

“Najua. Na bosi wako mdomo wake hauna kitasa.” Bibi akaupokea waya, akautazama. “Umeukunja vizuri.”

Akautundika kwenye msumari nyuma ya mlango, polepole, kisha akageuka.

“Alhamisi kuna kikao. Wamekuja mume na mke wengine, wa kwenu. Mwenyekiti hawataki, anasema ni walewale. Nataka kuwasimamia.” Akamtazama machoni. “Wewe unawajua watu wako. Hebu niambie, watakaa?”

Marivic alitafuta jibu lisilo la uongo, hakulipata. Bibi akamwambia aende, injini isije ikapoa.