Muhuri wa Juisi ya Uzima

Kilichomkosesha raha Mkaguzi ni bango. Si bango lolote, ni lile lililosimikwa ng'ambo ya barabara, likitazamana na mlango wa mama yake, kubwa kuliko nyumba yenyewe. Babu mmoja, meno meupe pe, karuka juu na chupa mkononi, na chini yake maandishi mekundu: UZIMA, JUISI INAYOFUKUZA KISUKARI. Inafukuza! Juisi yenyewe ukiimwaga sakafuni, sisimizi wanaitana ukoo mzima.

Mama alikuwa na kisukari cha miaka mingi. Tangu bango lisimame, vidonge vyake vilibaki kabatini vikila vumbi, na chupa za Uzima zikapewa meza. Kwenye kidole gumba cha mguu alikuwa na kidonda kilichogoma kufunga.

"Mama, hiyo ni sukari tupu."

"Wewe umekuwa daktari lini?"

"Daktari mwenyewe si alikukataza?"

"Daktari kanipa vidonge vya kunitapisha. Hawa wamenipa kitu kitamu. Tena wangekuwa waongo, serikali ingewaacha waanike uongo mkubwa namna hii barabarani?"

Hapo ndipo alipomchoma. Maana serikali yenyewe, kwa upande wa matangazo ya vyakula na vinywaji, ilikuwa ni yeye, bosi wake, na feni mbovu kwenye chumba cha ghorofani. Siku hiyo hiyo akafungua shauri.

Wakili wa kampuni alikuja kwenye kikao akinukia vizuri. Mkaguzi alijiandaa kwa vita, akashangaa mtu anakubali kosa kabla hajakaa sawasawa. "Tumeteleza, waheshimiwa. Tuelekezeni tu maneno gani yanafaa." Loo, jamaa alijua kuwapaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa! Mkaguzi alitaka bango ling'olewe. Bosi akatikisa kichwa: sheria inasema kwanza mtu arekebishe, na juisi yenyewe si yao, ni ya ofisi nyingine, ambayo ilishaipa leseni kama juisi nyingine yoyote. Wao kazi yao ni maneno. Basi wakashinda wanapatana maneno kama watu wanaonunua kitambaa. "Inafukuza" ikafutwa. "Inapunguza" ikakataliwa. Jua likielekea kuzama wakaishia kwenye "huenda ikawafaa baadhi ya watu".

Sasa, ofisi ile ilikuwa na utaratibu wake. Tangazo likisharekebishwa hugongwa muhuri, ili askari wa manispaa walitofautishe na la zamani wasije wakalikamata bure. Muhuri uligongwa na Mkaguzi mwenyewe, kwa hasira, ukatoka umekolea vizuri.

Haukupita muda, bango jipya likapanda. Babu ni yule yule, meno yale yale. "Huenda" iliandikwa kwa herufi ambazo nzi akitua zinafichika. Lakini muhuri, mama yangu! Wa kijani, wa duara, mkubwa kama sinia: LIMEKAGULIWA. Waliubandika mpaka kwenye chupa.

Mama akampigia simu, sauti imejaa furaha. "Mwanangu! Nimeiona kazi yako! Nimewaita majirani wote, nimewaambia huyu ni wa tumbo langu."

Mkaguzi alikwenda mbio. Akamkuta mama kaketi mlangoni, mguu umevimba, chupa pembeni. Akamweleza taratibu kwamba muhuri ule ni wa maneno, si wa juisi.

"Kwani maneno yananywewa?"

"Hayanywewi, mama."

"Basi ninyi mnakagua nini? Sikia. Unataka kuniambia mlijua kitu kinaua, mkakaa, mkakigongea muhuri? Mimi sikumzaa mtu wa hivyo. Utakuwa umechoka tu, mwanangu. Kalale." Akanywa mbele yake, funda kubwa, kwa mapenzi kabisa.

Mkaguzi alirudi kwa bosi akiomba muhuri ufutwe. Bosi hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kanuni. Shauri lililofungwa, alisema, hufunguliwa tu na mlaji aliyedhurika, kwa kinywa chake mwenyewe. Mkaguzi akapita kwa majirani nyumba hadi nyumba, na kila alikofika alikaribishwa Uzima ya baridi. Alilia chooni, akanawa uso.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema lolote kuhusu anayelisikia la mkuu, likiwa na muhuri. Mguu wa mama ulikatwa chini ya goti.

Wodini Mkaguzi alipiga magoti kando ya kitanda. "Mama, lalamika. Neno lako moja tu, bango linashuka."

"Nimlalamikie nani?"

"Kampuni. Na sisi."

"Nimshitaki mwanangu?" Mama alimpapasa kichwa kama enzi za utoto. "Mguu umeondoka kwa sababu nilichelewa kuianza. Ningeianza mapema ningekuwa natembea." Kisha akamgeukia mgonjwa wa kitanda cha pili, mama mtu mzima kama yeye, mwenye bandeji kidoleni na chupa ya Uzima kwenye kijimeza. "Si nilikuambia? Ndiye huyu aliyeipitisha."

Yule mama alijiinua kwenye kiwiko, akampa Mkaguzi mikono yote miwili. "Mungu akuweke, mwanangu. Nilikuwa na wasiwasi nayo. Hebu niambie, hunywewa kabla ya kula au baada?"

"Usiinywe kabisa," Mkaguzi alisema. Alisema kwa sauti, wodi nzima ikageuka. "Nakuomba, mama. Usiinywe."

Yule mama akautazama muhuri kwenye chupa, akamtazama mama mtu, wakacheka kidogo, kwa huruma.

"Kazi inamchosha huyu," mama alisema. Yule mwenzake akaitikia, akafungua kifuniko.