Bendera ya Chakula cha Mchana

Mume wangu ni mkuu wa waokoaji wa ufukweni, na mimi napima hali ya hewa kwenye chumba kilicho juu ya kibanda chao. Watu hudhani usiku kucha tunazungumzia mawimbi. Wapi! Tunagombania rimoti kama watu wengine.

Waokoaji wale walipenda kula pamoja. Kula kwa zamu hawakutaka. Walisema chakula cha peke yako hakishuki. Basi kila mchana walipandisha bendera nyekundu, yaani marufuku kuogelea, wakaingia kibandani na mabakuli yao, na wakishashiba wanarudisha ya kijani. Nilimwambia mume wangu kwamba huko ni kuchezea sharubu za simba. Akanijibu kwamba hata bahari ina haki ya kupumzika mchana.

Wageni wa likizo nao si wajinga. Siku mbili tatu ziliwatosha kujua kwamba nyekundu maana yake sahani. Wachache walitoka majini kwa heshima, wengi waliendelea kuoga, na hakuna aliyedhurika.

Msimu huo baba mkwe alikuja kukaa kwetu. Alikuwa dereva wa treni aliyestaafu, mkavu wa uso, na alijua kuogelea kuliko mwanawe. Alipenda kuingia majini bendera ikiwa nyekundu, kwa sababu watoto wenye maboya hupungua. Nikamwambia mezani kwamba bendera ile si pambo.

"Mkwe wangu," akasema, "nimesimama kwenye nyekundu tangu ujana mpaka nikaota mvi. Sasa nimestaafu."

Mume wangu alicheka mpaka akapaliwa. "Mwache mzee. Akiiona anajua mwanawe anakula, roho inatulia."

Na mimi nilicheka. Nilimpenda sana mzee yule.

Kisha kikatokea kimbunga. Kwenye picha za setilaiti kilikuwa mbali, katikati ya bahari, kimejikunja kama paka aliyelala, wala hakikuwa na safari ya kuja kwetu. Lakini kimbunga hutuma mawimbi yake hata pale ambapo chenyewe hakifiki. Maji yakishasukumwa ufukweni lazima yarudi, na hurudi kwa mkondo mwembamba unaovuta kila kitu kwenda kilindini. Pale penye mkondo mawimbi hayavunjiki, kwa hiyo mgeni hupaona ndipo palipotulia.

Nilishuka ngazi asubuhi mwenyewe. "Nyekundu, sasa hivi, mpaka jioni."

Mume wangu akatazama juu. "Mama Utabiri, mbona mbingu nyeupe pe?"

"Sijakuuliza habari za mbingu. Pandisha."

Akapandisha. Kwenye kazi hanibishii. Kisha yeye na wenzake wakaanza kupita na filimbi, kuwatoa watu majini. Nikiwa dirishani nilimsikia mama mmoja akimwambia mumewe, "Leo wamewahi kula." Wakacheka, wakabaki humo humo. Waokoaji walibembeleza, wakafoka, wakabembeleza tena, na familia moja ikagoma kabisa mpaka waokoaji wote wanne wakaizunguka.

Wakati huo baba mkwe akatokea upande wa pili, taulo begani. Aliitazama bendera, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akavua viatu na kuweka taulo juu yake. Akaingia pale palipotulia. Nilipiga kelele, lakini mawimbi yalikuwa na sauti kubwa kuliko yangu. Nikapiga simu. Nilimwona mume wangu akiipokea, akigeuka, akianza kukimbia huku anapuliza filimbi.

Mzee aliisikia. Akageuka, akampungia mwanawe mkono.

Hapo mkondo ukambeba. Angeogelea kwenda pembeni, sambamba na ufukwe, angetoka, lakini alifanya ambalo wengi hulifanya: aliogelea moja kwa moja kuja kwa mwanawe, akishindana na maji mpaka nguvu zikamwishia. Mume wangu alimfikia na akamtoa. Walimshindilia kifua pale mchangani mpaka gari la wagonjwa likafika, na daktari akawaambia inatosha.

Msibani watu walisema yale ambayo watu husema. Ajali haina kinga. Sikio la kufa halisikii dawa. La pili liliniuma, kwa sababu mzee hakuwa kiziwi, alifuata alichofundishwa. Nilinyamaza kwa ajili ya mume wangu.

Jioni akafika shangazi yake, dada wa marehemu, kutoka safari ndefu. Alilia, akanawa uso, akaja kuketi mbele ya mume wangu.

"Mwanangu, nieleze tu nielewe. Hamkuwa mmeweka bendera?"

"Tuliweka, shangazi."

"Labda hakuiona."

"Aliiona."

Shangazi akasubiri. Kaka yake alikuwa mtu wa kufuata ishara, na hapo sebuleni hakuna asiyelijua hilo. Mume wangu akanitazama nimsaidie. Nilimwonea huruma na nilimkasirikia, yote kwa pamoja, nikainamisha macho.

"Alidhani nakula," akasema, na ikabidi amweleze kuanzia mwanzo.